Mlango wa Sek Kiu

Studio Kwong Ming,
Ipoh
3 Machi 1980

Mwanangu Yin Sheung,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa Leong, walio hai na waliolala, natangaza kifo cha pangaboi la Studio Kwong Ming, kilichotokea juzi Jumamosi saa tano na robo asubuhi, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba bila likizo. Marehemu alianza kwa kukohoa, akazunguka mara tatu kinyume na desturi yake, kisha akasimama. Ameacha mpiga picha mmoja, kamera mbili na joto. Maziko hayatakuwepo, kwani fundi umeme anasema kumshusha ni kazi kubwa kuliko kumwacha.

Baada ya tangazo hilo, hujambo mwanangu? Baba yako anaendeleaje na mkono wake? Mwambie mdogo wake anamwamkia. Mama Foong wa mkahawa wa jirani anakusalimu pia. Hajawahi kukuona, ila picha yako iko ukutani kwangu, ile niliyokupiga nilipokuja Hong Kong mwaka 1964, una miaka tisa na umenuna. Anasema unafanana na hakimu.

Mimi ni mzima, isipokuwa upande wa kulia. Daktari amenipiga eksirei ya kifua. Nakwambia kama fundi: ni picha nzuri kuliko zote nilizopigwa maishani. Mwanga umesawazika, mbavu zimejipanga, hata hakuniambia nitabasamu. Pale kwenye pafu pana doa jeupe. Nikamwambia, "Daktari, hilo ni vumbi kwenye filamu, mimi hulifuta kwa brashi." Akacheka kidogo tu. Alipoacha kucheka haraka vile nikajua.

Sasa jambo lenyewe. Sisi tuliokuja huku kwa meli, kwenye jiwe la kaburi huchongwa wilaya na kijiji kwanza, jina baadaye, ili mzimu ajue pa kurudi. Katikati huwekwa kigae chenye picha ya marehemu. Wengi huweka ile ya kitambulisho, na katika picha za kitambulisho watu wote ni wezi wa kuku. Mimi nataka nionekane nimesimama mbele ya mlango wa nyumba yetu kule Sek Kiu.

Unajua kazi yangu. Miaka yote hii nimewaweka pamoja watu ambao hawakuwa pamoja. Mume yuko Ipoh, mke yuko Sun Wui, wilaya yetu ya nyumbani, ananitumia uso wake kwenye bahasha, nami kwa wembe na gundi namkalisha kando ya mumewe na mtoto ambaye baba hajamshika. Hawa wamekufa siku hizi, wateja na wembe pia. Kwa ajili yangu sitaki gundi. Nataka kuchora pazia jipya la nyuma, mlango wetu kama ulivyo, nisimame mbele yake. Lile pazia langu la kwanza la nyumba ya kijijini, ambalo nusu ya Ipoh ilisimama mbele yake tangu mwaka 1953, lilichukuliwa na mafuriko.

Mpaka wa kwenda huko umefunguliwa siku hizi, watu wa Hong Kong wanaingia na kutoka. Nenda Sek Kiu unipigie picha ya mlango. Saa tatu asubuhi, jua linapokuwa kizingitini. Mlango tu. Watu sitaki, watu nimewapiga wa kutosha.

Baba Mdogo wako,
Leong Poon Hei

* * *

Hong Kong
28 Aprili 1980

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nimesikitika kwa msiba wa pangaboi. Baba hajambo, mkono wa kushoto bado mzito tangu kiharusi, lakini wa kulia unatosha kwa redio na vijiti vya kulia. Mama angekuwepo angekusalimu. Mimi bado niko ofisi ileile ya matangazo, natengeneza picha. Juma zima nimeondoa chunusi kwenye shavu la msichana wa sabuni. Alikuwa nazo kumi na nne. Ungekuwa karibu ungenifundisha namna ya kuacha moja ili aonekane mtu.

Nimefurahi eksirei imetoka vizuri. Sijui niseme nini kingine juu yake.

Nilimwambia Baba kuhusu mlango. Yalikwenda hivi:

"Baba, Baba Mdogo anataka picha ya mlango wa nyumbani."

"Mlango upi?"

"Wa Sek Kiu."

Akapunguza redio, kisha akaiongeza. "Mlango ni mlango. Mpigie huu wa hapa."

"Huu wa hapa ni wa chuma."

"Basi hautaoza."

Tangu hapo kila nikilitaja jambo hilo anasema supu ina chumvi. Siku nyingine supu haijapikwa.

Kwa sasa sina likizo, na kibali kinachukua muda. Nakutumia maganda ya machungwa ya Sun Wui, yaliyokaushwa na kuhifadhiwa miaka kumi, ya kikohozi. Nimeyanunua hapahapa sokoni, lakini muuzaji aliapa.

Mwanao,
Yin Sheung

* * *

Ipoh
19 Juni 1980

Mwanangu Yin Sheung,

Maganda yamefika. Posta ya Ipoh nzima ilinukia kama jikoni kwa mama yangu, na karani akaniuliza kama ni dawa ya kienyeji au ni vitu vya kuogopwa. Nimechemsha kipande kidogo. Kikohozi kimesikiliza siku mbili, kisha kikaendelea na habari yake.

Pangaboi bado linaning'inia. Mama Foong amenipa upepeo wa makuti, wa Sun Wui halisi, wa aina aliyokuwa akisuka mama yangu, na mteja akija nampepea mwenyewe kwa mkono mmoja huku nampiga picha kwa mwingine. Wateja si wengi, kwa hiyo sichoki. Jana Mama Foong alileta kuku na machipukizi ya choroko, akaketi kunitazama nikila kama mtu anayepima kitambaa.

"Mzee Leong, ukifa hii studio unamwachia nani?"

"Mchwa."

"Mchwa gani watakubali kufanya kazi bila pangaboi?"

Daktari anataka kunipasua. Nimemwambia mimi nimepasua nyuso za watu miaka yote na sijaona mtu aliyerudi kuwa mzima. Tumekubaliana nitapewa vidonge.

Sasa nikuelekeze ili usipotee. Ukivuka daraja la mawe, hesabu nyumba nne. Ya kwetu ina matofali ya kijivu. Mlango ni mwekundu, wa mbao mbili. Ubao wa kushoto una pete ya chuma ya kubishia. Ubao wa kulia hauna, ilipotea kabla sijazaliwa. Kizingiti ni cha jiwe, kimebonyea katikati kwa sababu ya matako ya mababu zako. Mimi niliondoka nikakiruka mwaka 1937, na Mama alikuwa amekaa juu yake, ikabidi asogee kidogo.

Ukiwa huko, panda kilimani ukafagie kaburi lake. Baba yako ananiandikia kila mwaka kwamba makaburi yamefagiwa. Namshukuru. Ila hajawahi hata mara moja kulalamikia nyasi. Mtu anayefagia kaburi hulalamika nyasi, Yin Sheung. Ndiyo nusu ya ibada.

Usichelewe. Sikuharakishi.

Baba Mdogo wako

* * *

Hong Kong
30 Septemba 1980

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumai vidonge vinasaidia. Baba hajambo. Samahani kwa ukimya.

Nilikwenda mwezi wa nane. Nilipanda boti mpaka Kong Mun, watu wamebeba televisheni na mafuta ya kula kwa ajili ya ndugu zao, mimi nina kamera na biskuti. Mwanamke aliyekaa nami akaniuliza, "Unawapelekea nini watu wako?" Nikasema napiga picha tu. Akanipa televisheni yake ndogo nimshikie, nadhani alinionea huruma kukosa mzigo. Kutoka Kong Mun kuna basi mpaka mjini, kisha basi dogo, kisha mtu mwenye baiskeli hubeba abiria nyuma. Joto lilikuwa kali. Barabarani wameanika maganda ya machungwa, kilomita nzima. Watu wanaongea kama Baba akiwa na hasira. Nilidhani wote wana hasira na mimi, kumbe waliniuliza kama nimekula.

Nilikula tambi na samaki wa mtoni. Nilirudi salama.

Filamu bado iko chumba cha giza. Kazi ni nyingi kidogo.

Mwanao,
Yin Sheung

* * *

Hong Kong
14 Novemba 1980

Baba Mdogo,

Shikamoo. Baba hajambo. Ofisini wote wazima. Msichana wa sabuni ameolewa.

Picha hii hapa. Samahani ni moja tu, na haikutoka kali sana.

Mwanao,
Yin Sheung

* * *

Ipoh
9 Desemba 1980

Mwanangu Yin Sheung,

Nimepokea picha. Asante. Hujambo? Hapa hatujambo. Kodi ya mkahawa imepanda, na Mama Foong amepunguza kikombe badala ya kupandisha bei ya kahawa. Nimepungua kilo sita, suruali imekuwa ya mtu mwingine mwenye heshima zaidi.

Nimeitazama picha yako kwa lenzi siku tatu. Naomba niseme kama fundi kwa fundi, usikasirike. Umekata vizuri. Ukingo wa tofali umeufuata kwa subira, hata mimi wakati wa ujana wangu ningekimbilia chakula. Vumbi umelirudisha panapotakiwa. Umejifunza wapi? Naona fahari.

Lakini kivuli cha mti kinaanguka kulia na kivuli cha mlango kinaanguka kushoto. Kijijini kwetu tulikuwa maskini, ila jua lilikuwa moja.

Ukuta ni wa nyumba za upande wa Hong Kong, huko mashambani kaskazini. Sun Wui hatujengi kona namna ile. Hilo ningeweza kulimeza. Ukitaka kumdanganya mzee anayekufa, ukuta si kitu.

Shida ni mlango. Huo mlango, mwanangu, nimeuchora mimi. Ni ule wa pazia langu la mwaka 1953. Nadhani umeukata kutoka kwenye ile picha niliyompelekea baba yako nilipofungua studio, mimi nimesimama mbele nimevaa koti la kuazima. Umenitoa mimi na kuacha mlango, kazi safi. Naona umeamini ni mlango wa kweli. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizopata katika kazi hii, na imekuja kutoka kwa mtu aliyekuwa ananidanganya.

Pete ya kulia haipo kwa sababu siku ile rangi nyeusi iliniishia.

Sasa niambie kilichopo pale. Mimi nimeshaangalia eksirei, siogopi picha.

Baba Mdogo wako,
Poon Hei

* * *

Hong Kong
22 Februari 1981

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mwaka wetu mpya umeingia, nakutakia afya. Nimeandika sentensi hiyo nikaiona ilivyo, lakini siifuti, kila mtu huandikiwa hivyo.

Nisamehe.

Hakuna mlango. Mtu wa baiskeli alinipeleka mpaka ukingoni mwa bwawa, akasimama. Maji tu, mpaka chini ya kilima cha pili. Kuna kibanda cha mashine ya maji na mzee mlinzi aliyekuwa anamenya muwa.

"Binti, unatafuta nini?"

"Kijiji cha Sek Kiu."

"Umefika. Ila umesimama juu kidogo."

Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka sitini, watu walihamishwa, wengine walikwenda kiwandani, wengine sijui. Akasema nikitaka kukiona nisubiri ukame. Mwaka sabini na saba paa la ukumbi wa ukoo lilichungulia siku nne, watu wakaja na fataki, kisha mvua ikanyesha. Nikamwuliza daraja je? Akanipa kipande cha muwa. Akasema, "Wewe si wa kwanza. Wengine hulia. Wewe angalau una kamera."

Nilipiga picha moja. Naiweka humu. Ni maji.

Niliporudi nilimwuliza Baba. Alizima redio kabisa, jambo ambalo hajafanya tangu Mama afe. Akanionyesha kwa kidole kopo la biskuti juu ya kabati. Ndani yake ilikuwa ile picha yako ya koti, na chini yake tangazo la mwaka 1959. Limeandikwa kwamba bonde litajazwa maji, na kila nyumba ije kuchukua mifupa ya wazee wake kilimani kabla ya mwezi wa tisa kwisha. Mifupa isiyokuwa na mwenyewe itabaki.

Kilima alichozikwa Bibi ni kile cha kwanza. Nimekuandikia hapo juu kwamba maji yanafika chini ya cha pili.

Nikasema, "Ulipata tangazo hili mwezi gani?"

"Wa saba."

"Ulikuwa na miezi miwili."

"Waliokuwa wakiingia wakati ule hawakuwa wakirudi." Kisha akasema, "Nilikuwa na mtoto wa miaka minne."

Huyo mtoto ni mimi, Baba Mdogo. Nilimpikia supu, akasema ina chumvi, na kweli ilikuwa nayo.

Kwa hiyo miaka yote hiyo hakukuwa na nyasi. Nilichukua mlango kutoka kwenye kopo hilohilo. Niliona ubao mmoja hauna pete, kama ulivyonielekeza, nikasema angalau hiki ni cha kweli. Nilitaka upate mlango.

Mwanao,
Yin Sheung

* * *

Ipoh
17 Mei 1981

Mwanangu Yin Sheung,

Barua yako ilifika Machi. Nilikuwa na shughuli.

Hujambo? Hapa joto. Mama Foong ameleta feni ya kusimama, ya plastiki, inayogeuza shingo kama mpelelezi. Pangaboi linaitazama kutoka juu na halisemi kitu. Kilo zimepungua nne nyingine. Nikipanda mizani ya mwuza nguruwe ananiambia nisubiri nikue.

Kuhusu Mama sitaandika kitu.

Humu nimeweka nusu ya maganda ya machungwa uliyonitumia mwaka jana. Mpe Kaka. Mwambie ayachemshe, kifua chake kilikuwa kibaya tangu utotoni, msimu wa baridi tulikuwa tukilala blanketi moja na alikuwa akinikoholea mgongoni. Usimwambie lingine. Akiuliza nimesema nini, sema nimeuliza mkono wake.

Picha yako ya maji ni nzuri. Hakuna cha kurekebisha.

Nilianza kuchora pazia mwezi uliopita. Matofali yalikuja upesi, kizingiti kikaja, nikafika mlangoni. Nilitaka safari hii niuchore kama ulivyo, rangi nyeusi ninayo ya kutosha. Nikasimama na brashi. Pete ya kulia ilikuwepo au haikuwepo? Nilikuandikia kwamba ilipotea kabla sijazaliwa, na nilipoandika niliona kabisa, naapa, alama nyeupe mahali ilipokuwa. Kumbe niliona pazia. Miaka ishirini na kitu nimewapiga watu mbele ya mlango ule wa kitambaa, na mlango wa mbao ukatoka taratibu bila kuaga. Nimejaribu rangi. Ulikuwa mwekundu? Wekundu ninaoujua ni wa kopo la duka la Mhindi wa mtaa wa nyuma. Nimejaribu uso wa Mama siku ile aliposogea. Nao nimeurekebisha mara nyingi mno, kila mwaka kidogo, na sasa una ngozi laini kama msichana wako wa sabuni.

Ningekuwa na mtu wa kumwuliza ningemwuliza Kaka. Sitamwuliza.

Basi nimechora ule wa mwaka 1953. Pete moja. Nusu ya Ipoh imezikwa ikiamini ilitoka kwenye mlango huo, nami niungane nao.

Picha tulipiga Jumapili. Kamera niliipanga mwenyewe, Mama Foong akabonyeza.

"Tabasamu, Mzee Leong."

"Kwa nini?"

"Watu watakuja kukutazama pale."

"Nani?"

Akabonyeza. Ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote, uso wa mtu anayesubiri jibu.

Mambo mengine yako tayari. Mzee Chew wa vigae amekubali kunitengenezea kigae kikubwa cha mstatili, ukubwa wa daftari la shule, ili nionekane mimi wote na mlango wote. Fundi wa mawe aliuliza kijiji. Nikamwambia Sek Kiu, wilaya ya Sun Wui. Akasema, mzee, nasikia vijiji vingine huko vimekufa maji, hiki bado kipo? Nikamwambia we chonga.

Usije. Nauli ni kubwa na mimi sipendezi. Ukija, njoo wakati wa kufagia makaburi, angalau utalalamika nyasi.

Baba Mdogo wako,
Poon Hei

* * *

Ipoh
5 Aprili 1982, siku ya kufagia makaburi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nilikuandikia Julai, Septemba na Desemba. Mama Foong amenikabidhi barua zote tatu. Ya Julai ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi, safi sana, ukingo hauonekani. Za Septemba na Desemba hazikuguswa. Hii ya leo haina stempu, nitaichoma hapahapa pamoja na vitu vingine, kwa hiyo vumilia mwandiko, upepo unaipeperusha.

Baba hajambo. Maganda aliyachemsha yote kwa siku moja, sufuria nzima, akayanywa mpaka usiku. Hakuuliza umesema nini. Nilimwambia umeuliza mkono. Simu ya kifo chako ilipofika mwezi wa kwanza, akasema, "Yeye ni mdogo," kama vile umekosea zamu. Hakuweza kuja. Ninasema hakuweza.

Mama Foong ni mnene kuliko nilivyomfikiria, na mkali. Aliniona stendi akasema, "Ndiye wewe, hakimu. Umechelewa kesi." Kisha akanibebea mzigo, akanilisha kuku na machipukizi ya choroko, akiniangalia kama mtu anayepima kitambaa. Studio inachukuliwa na muuza viatu. Pangaboi lako bado linaning'inia. Muuza viatu naye ameambiwa kulishusha ni kazi kubwa kuliko kuliacha. Pazia alilikunja yeye Mama Foong na kulipeleka mkahawani, akalitundika nyuma ya meza ya mwisho ili kuziba ukuta wenye ukungu. Nilikaa mbele yake nikanywa kahawa. Watu waliingia, wakaagiza, hakuna aliyebisha hodi.

Jana nilikwenda duka la vitu vya karatasi vya kuwachomea wazee. Nikauliza kama wana mlango.

"Mlango wa nini?"

"Mlango tu. Mwekundu, wa mbao mbili."

"Dada, mlango peke yake hatuuzi. Chukua nyumba, mlango umo humohumo."

Nyumba zao ni za ghorofa mbili, zina gari, watumishi wawili na antena ya televisheni. Nikasema marehemu angepotea humo. Akasema wote husema hivyo. Nikachukua pangaboi la karatasi, walikuwa nalo, linazunguka ukilipuliza. Hilo linakuja sasa hivi na barua hii.

Nimekusafishia. Nyasi ni nyingi, Baba Mdogo, za aina ile yenye makali, zimenikata vidole vitatu, na mizizi yake imeshikana na udongo mwekundu kiasi kwamba Mama Foong alipovuta alikaa chini. Alitukana maneno ambayo siwezi kuyachoma. Nimelalamika kwa sauti, kama nusu saa hivi. Makaburi ya jirani yaligeuka kutazama, maana watu wake walikuwa wengi.

Jiwe ni zuri. Sun Wui iko juu, kisha Sek Kiu, kisha wewe. Limechongwa kwa kina.

Mzee Chew wa vigae alikufa kabla yako, mwezi wa kumi na mbili. Mwanawe amenunua mashine. Mama Foong alimpelekea ile picha ya Jumapili na kumweleza habari ya daftari la shule, akamjibu kwamba mashine inatoa kigae cha aina moja tu, cha umbo la yai, kirefu kama kidole changu cha kati. Kinaanzia kwenye nywele na kuishia kwenye kola. Mlango haukuingia.